Ufuatiliaji shirikishi wa bahari

Ufuatiliaji shirikishi ni upimaji wa mara kwa mara wa hali ya bahari unaofanywa na wale wanaoishi kwa bahari hiyo: wavuvi, wachokoaji pweza, wakulima wa mwani. Mkoani Tanga, katika miaka ya 1990, wanavijiji walifundishwa kukagua miamba yao wenyewe, wakihesabu samaki na kutazama matumbawe yaliyo hai na yaliyovunjwa na baruti.

Wapo wanaosema "ufuatiliaji wa kijamii". Mimi nachagua shirikishi, kwa kuwa serikali nayo imo: Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya 2003 inavitambua vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo madikoni vinaitwa BMU tu, na Kenya ilivitungia kanuni mwaka 2007. Hata hivyo neno hili lina hatari yake. Limetokana na kushirikisha, kwa hiyo yuko anayeshirikisha na yuko anayeshirikishwa, na ni rahisi mwanakijiji akabaki upande wa pili milele.

Kwa pweza ufuatiliaji shirikishi unaonekana wazi. Kisiwa Panza huko Pemba, na Songosongo huko Kilwa, wanakijiji wamewahi kufunga sehemu ya mwamba isivuliwe kwa miezi kadhaa. Pweza hukua upesi mno, na maisha yake ni ya mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu, huyalinda mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Akichokolewa kabla ya hapo, kizazi kizima kimekwenda naye. Siku ya kufungua, maji ya bamvua yakishatoka, wake kwa waume huingia mwambani, na kila pweza hupita kwenye mizani kabla ya kuuzwa. Daftarini huandikwa uzito, mahali aliponaswa na aliyemnasa. Aliye chini ya gramu 500 haruhusiwi kuvuliwa kisheria Tanzania Bara, na mizani ile humuumbua aliyemnasa mbele ya watu wote.

Daftari hilo husomwa kwenye mkutano wa kijiji, ndipo wanakijiji waamue kama mwamba ufungwe tena, wapi, na kwa muda gani. Pale ambapo daftari huchukuliwa mjini na majibu yake hayarudi, kazi iliyofanyika ni ukusanyaji wa takwimu, na ripoti ziiite hivyo.