Daraja la Umoja: Mita 720 juu ya Ruvuma, na njia ndefu ya kufika Mocímboa da Praia

Lilisubiriwa kwa miaka 35, likafunguliwa kwa shangwe mwaka 2010, na miaka saba baadaye vita vikazuka katika jimbo liliko ng'ambo yake. Ifuatayo ni historia ya daraja linalounganisha Tanzania na Msumbiji, pamoja na mambo anayopaswa kuyajua mtu anayetaka kulizuru.

Ziko nchi ambazo watu husafiri mbali kwenda kutazama madaraja tu. Katika mji wa Lucerne nchini Uswisi, wageni humiminika kila mwaka kulipita daraja la mbao la karne ya 14, lenye paa la kuikinga mbao isiozeshwe na mvua. Liliungua mwaka 1993, likajengwa upya. Madaraja ya namna hiyo, yaliyoezekwa kama nyumba, yamesalia pia katika mashamba na vijiji vya Ulaya na Amerika Kaskazini, na yamekuwa kivutio cha utalii.

Kwenye mto Ruvuma hakuna daraja lenye paa. Lililopo ni la zege, liko wazi juani, na mgeni anaweza kulivuka lote asikutane na mtalii hata mmoja. Hata hivyo, ni machache katika Afrika Mashariki yaliyobeba historia nzito kama hili.

Daraja liko wapi?

Daraja la Umoja, ambalo Wamsumbiji huliita kwa Kireno Ponte da Unidade, linaunganisha Mtambaswala, katika wilaya ya Nanyumbu mkoani Mtwara, na Negomano, katika wilaya ya Mueda, jimbo la Cabo Delgado. Lina urefu wa mita 720 na upana wa mita 13.5. Liko karibu na mahali ambapo mto Lugenda, utokao Msumbiji, unaungana na Ruvuma.

Urefu huo unaeleweka zaidi kwa anayefika hapo nyakati mbili tofauti za mwaka. Wakati wa kiangazi, sehemu kubwa iliyo chini ya daraja ni mchanga mtupu, na maji hupita katika mikondo michache ambayo mtu mwenye kuijua anaweza kuivuka kwa miguu, akijihadhari na mamba na viboko. Masika yakifika, mchanga wote huo humezwa na maji na mikondo ikawa mto mmoja mpana. Ndiyo maana nguzo za daraja zimeanzia mbali kabisa na maji anayoyaona mgeni wa mwezi wa Septemba.

Kabla ya daraja: mto uliogeuzwa mpaka

Kwa watu wa pande hizi, Ruvuma haukuwa ukuta. Wamakonde, Wayao na Wamakua wanaishi kusini na kaskazini mwa mto, na wameoleana na kuzikana kwa vizazi vingi. Kwenye pwani, Wamwani wa Mocímboa da Praia wanazungumza Kimwani, lugha iliyo jirani sana na Kiswahili, na jina lao lenyewe linatokana na pwani.

Mto uligeuka kuwa mpaka mwaka 1886, Ujerumani na Ureno zilipokubaliana kugawana eneo hilo. Makubaliano hayo hayakuzuia ugomvi. Mwaka 1894 Wajerumani waliitwaa Kionga, kipande cha ardhi kilicho kusini mwa mlango wa mto, na Wareno hawakukirejesha mikononi mwao hadi mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Mwaka mmoja baadaye, vita hivyo vilifika mahali hasa lilipo daraja leo. Tarehe 25 Novemba 1917, kikosi cha Wajerumani na askari wao wa Kiafrika, chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kilivuka Ruvuma kikiwakimbia Waingereza na kuivamia kambi ya Wareno iliyokuwa Ngomano. Wareno walishindwa, kamanda wao akauawa, na washindi wakajitwalia bunduki, risasi na chakula. Kwa silaha hizo waliendelea kupigana kwa mwaka mmoja zaidi, hadi waliposalimu amri Novemba 1918 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wapagazi na wanavijiji ndio waliolipa gharama kubwa zaidi ya safari ile, kwa njaa na maradhi.

Njia ya wapigania uhuru

Katika nusu ya pili ya karne ya 20, mto huo huo ulikuwa njia ya ukombozi. Tarehe 16 Juni 1960, askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda mbele ya ofisi ya utawala, baada ya wajumbe waliotoka Tanganyika kufika kudai haki. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Juni 1962, chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam.

Wapiganaji wake walipata mafunzo Nachingwea, majeruhi walitibiwa Mtwara, na wakimbizi walipokewa kusini mwa Tanzania. Silaha na dawa zilivushwa usiku kwa mitumbwi au kubebwa vichwani pale maji yalipopungua. Vita vya uhuru vilianza rasmi tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la Chai, kusini mwa Mocímboa da Praia.

Mei 1975, mwezi mmoja kabla ya uhuru, Samora Machel aliingia Msumbiji akitokea Tanzania na kuanza safari ya kuipitia nchi nzima, kutoka Ruvuma hadi mji mkuu ambao leo unaitwa Maputo. Ni katika mwaka huo ambapo yeye na Mwalimu Julius Nyerere walitoa wazo la kujenga daraja litakaloziunganisha nchi zao.

Ahadi iliyosubiri miaka 35

Wazo hilo halikutekelezwa upesi. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1992 Msumbiji ilitumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Machel alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1986, na Nyerere mwaka 1999. Hakuna kati yao aliyeliona daraja.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2005 na Marais Benjamin Mkapa wa Tanzania na Armando Guebuza wa Msumbiji. Kazi ya ujenzi ilifanywa na kampuni ya China, kwa gharama zilizobebwa na serikali zote mbili. Tarehe 12 Mei 2010, Guebuza na Jakaya Kikwete walilifungua rasmi.

Lakini daraja ni nusu ya safari. Upande wa Tanzania, barabara ya kutoka Masasi kupitia Mangaka hadi Mtambaswala imewekwa lami. Upande wa Msumbiji, njia ya takriban kilomita 170 kutoka Negomano hadi Mueda ilibaki kuwa ya udongo kwa miaka mingi, yenye vumbi wakati wa kiangazi na matope yanayonasa malori wakati wa mvua.

Kutoka daraja hadi Mocímboa da Praia

Msafiri anayetoka darajani kwenda baharini hupanda kwanza hadi uwanda wa juu wa Mueda, nchi ya Wamakonde na wachonga vinyago. Kutoka hapo huteremka kiasi cha kilomita 100 kuelekea mashariki, akipitia Diaca na njia panda ya Awasse, mpaka anapoiona bahari.

Hapa inafaa kuondoa mkanganyiko mmoja. Ziko Mocímboa mbili. Mocímboa do Rovuma iko bara, karibu na mto. Mocímboa da Praia, yaani Mocímboa ya Pwani, ndiyo yenye bandari, uwanja mdogo wa ndege na mitaa ya wavuvi.

Njia panda ya Awasse ina umuhimu wa pekee, kwa sababu hapo ndipo barabara inayokwenda kusini, Macomia na hatimaye Pemba, inapoanzia. Barabara hiyo inavuka mito inayofurika, ukiwemo Messalo. Mwishoni mwa mwaka 2019, miezi minane baada ya Kimbunga Kenneth kulipiga jimbo hilo, mafuriko yaliliangusha daraja la mto Montepuez na kuzikatia wilaya za kaskazini njia ya kwenda Pemba kwa gari. Wakazi wa Mocímboa da Praia waliona kwa macho yao jinsi daraja moja linavyoweza kupandisha bei ya unga.

Vita vinapofika darajani

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2017, watu wenye silaha walivishambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa uasi wa wapiganaji wenye itikadi kali, ambao wenyeji huwaita al-Shabab ingawa si kundi lile la Somalia. Machi 2020 waliuingia mji na kuondoka. Agosti mwaka huo huo waliuteka pamoja na bandari yake, na hawakung'olewa hadi tarehe 8 Agosti 2021, vikosi vya Msumbiji na Rwanda vilipotangaza kuukomboa.

Kwa takriban mwaka mzima mji ulibaki bila raia wake. Wengine walikimbilia Mueda na Nangade kwa miguu, wengine wakapanda mashua na majahazi hadi ufukwe wa Paquitequete mjini Pemba. Na wengine wakafanya kile ambacho wazazi wao walikifanya wakati wa Wareno: wakauelekea Ruvuma.

Safari hii mambo yalikuwa tofauti. Oktoba 2020 washambuliaji waliuvuka mto na kukivamia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara, wakaua watu, na Tanzania ikaimarisha ulinzi mpakani. Mwaka 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilisema maelfu ya Wamsumbiji waliovuka kutafuta hifadhi walirudishwa kwao, na likaitaja Negomano kuwa mojawapo ya sehemu walikorudishiwa. Lilitoa wito watu hao waruhusiwe kuomba hifadhi.

Hivyo daraja lililopewa jina la umoja likajikuta katikati ya maswali mawili, na yote yana uzito: nchi itajilindaje dhidi ya anayevuka na bunduki, na itampokeaje anayevuka akiwa amebeba mtoto mgongoni?

Tangu mwaka 2022 wakazi wengi wamerejea Mocímboa da Praia. Masoko yamefunguliwa na mashua zimerudi baharini. Hata hivyo, mashambulizi katika wilaya mbalimbali za jimbo hayajakoma kabisa.

Njia nyingine za kuvuka

Daraja la Umoja liko mbali na bahari. Kwa mtu wa Mtwara mjini anayekwenda Palma au Mocímboa da Praia, kulifuata ni kuzunguka kwa mamia ya kilomita. Njia fupi ni Kilambo, kusini mwa Mtwara, ambako pantoni huvusha watu na magari kwenda upande wa Namoto, wilayani Palma. Hapo ratiba hupangwa na maji: bahari ikitoa, mchanga hujitokeza na chombo husubiri. Wavuvi na wachuuzi nao wana njia yao ya kale zaidi, ya kufuata pwani kwa mashua.

Kwa anayetaka kulizuru

Upande wa Tanzania ndio rahisi kufikika. Kutoka Mtwara mtu hupita Masasi, kisha Mangaka, na kuteremka hadi Mtambaswala. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa mvua zimekwisha na mto unaonyesha mchanga wake.

Anayekusudia kuvuka awe na pasipoti, na ni vyema awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ng'ambo fedha ni metikali na lugha ya serikali ni Kireno, ingawa Kiswahili kinasikika. Saa nayo hubadilika: saa nne asubuhi Mtambaswala ni saa tatu asubuhi Negomano. Hapa ni mpakani na pana ulinzi, kwa hiyo ombi la ruhusa litangulie kabla ya kupiga picha.

Kuhusu kuendelea hadi Mocímboa da Praia, tahadhari ni muhimu. Serikali kadhaa za kigeni zimekuwa zikiwashauri raia wao wasisafiri kaskazini mwa Cabo Delgado. Anayelazimika kwenda aulize kwanza kwa mamlaka za pande zote mbili na kwa madereva wanaoitumia njia hiyo, kwani hali ya wiki iliyopita si lazima iwe ya leo.

Mgeni asiyeweza kufika mbali zaidi bado atakuwa ameona jambo. Akisimama upande wa Mtambaswala, mbele yake yako mahali pa vita vya 1917, na chini yake unapita mto waliouvuka wapigania uhuru na, baada yao, waliokimbia vita vipya. Daraja lenyewe limesimama imara. Kinachosubiriwa ni amani upande wa pili, ili mtu wa Mocímboa da Praia alivuke kwa kwenda kuuza samaki, kuhudhuria harusi au kumzika nduguye, kisha arejee nyumbani siku aliyoichagua mwenyewe.