Gharama ya Kumlea Mchezaji: Vijana wa Besiboli na Nafasi za Vyuo Nchini Marekani

Besiboli, mchezo wa timu mbili za watu tisa tisa ambamo mrushaji wa upande mmoja humrushia mpira mpigaji wa upande wa pili, naye akiupiga kwa gongo hukimbia kuvizunguka vituo vinne ili kuipatia timu yake pointi, umechezwa katika vyuo vya Marekani tangu kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya nchi hiyo. Mechi ya kwanza baina ya vyuo ilifanyika tarehe 1 Julai 1859 mjini Pittsfield, katika jimbo la Massachusetts, ambako Amherst iliishinda Williams kwa pointi 73 kwa 32, kwa kufuata kanuni za jimbo hilo ambazo baadaye ziliachwa. Hata hivyo, kwa takriban miaka mia moja iliyofuata chuo hakikuwa njia ya kawaida ya kijana kufikia ligi kuu, tofauti na ilivyokuwa katika futiboli ya Kimarekani, ambayo tangu mapema ilipata wachezaji wake wa kulipwa kutoka vyuoni. Njia hiyo ilifunguka polepole, na kila hatua yake ilitokana na mabadiliko ya mtu mmoja tu katika hesabu, yaani yule anayebeba gharama ya kumlea mchezaji tangu utotoni hadi anapokomaa.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 gharama hiyo ilibebwa na klabu. Mwanzilishi wa utaratibu huo, Branch Rickey, mwenyewe alikuwa mtu wa vyuo: alifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Michigan kuanzia 1910 hadi 1913, na huko ndiko alikomlea George Sisler, aliyekuja kuwa mmoja wa wapigaji hodari kuliko wote wa zama zake. Alipokabidhiwa uongozi wa klabu ya St. Louis Cardinals, ambayo haikuwa na fedha za kushindana na klabu tajiri katika kununua wachezaji waliokwisha kuiva, Rickey alianza katika miaka ya 1920 kuzimiliki au kuzidhibiti timu za ligi ndogo, akawasajili vijana wa miaka 17 au 18 kwa ujira mdogo, kisha akawapandisha daraja baada ya daraja kadiri walivyoonyesha uwezo. Klabu nyingine zilimwiga, na kufikia mwaka 1949 kulikuwa na ligi ndogo 59 nchini kote. Utaratibu huo ulikuwa na ukatili wake, kwa maana mkataba ulimfunga mchezaji kwa klabu yake mwaka hadi mwaka bila hiari ya kuondoka, na maelfu walioshindwa kupanda walirudi makwao bila elimu wala akiba. Lakini haikumlazimu mzazi kulipa chochote ili mwanawe aonekane, kwa sababu msaka vipaji, yaani mtumishi wa klabu aliyezunguka vijijini na mijini kutafuta wachezaji, ndiye aliyemfuata kijana.

Kijana huyo alikuwa amekwisha kulelewa na jamii yake. Mwaka 1925, katika mji mdogo wa Milbank, jimbo la South Dakota, shirika la wanajeshi wastaafu liitwalo American Legion liliamua kuanzisha mashindano ya besiboli ya vijana, na mwaka 1939 Carl Stotz, mkazi wa Williamsport, Pennsylvania, aliasisi Little League kwa ajili ya watoto wadogo, akapunguza ukubwa wa kiwanja ulingane na miguu na mikono yao. Makocha walikuwa wazazi na majirani waliojitolea, na sare zilinunuliwa na wafanyabiashara wa mtaani. Mfumo huo ulienea nje ya Marekani na hatimaye ukafika Afrika Mashariki: mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilipata haki ya kwenda kwenye fainali za dunia huko Williamsport lakini ikanyimwa viza, na mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika fainali hizo.

Vyuo vilianza kujijengea mashindano yenye hadhi baada ya Vita Kuu ya Pili. Chama cha Taifa cha Michezo ya Vyuo, kinachofahamika kwa herufi NCAA, kiliandaa fainali za kwanza za taifa za besiboli mwaka 1947 mjini Kalamazoo, Michigan, ambako Chuo Kikuu cha California kiliishinda Yale, timu iliyokuwa na George H. W. Bush, rais wa baadaye, katika kituo cha kwanza. Tangu 1950 fainali hizo zimekuwa zikifanyika Omaha, Nebraska. Mwaka 1956 NCAA iliruhusu rasmi vyuo kumlipia mwanamichezo ada na gharama za maisha kwa sababu ya kipaji chake bila kujali hali ya kifedha ya familia yake, na uamuzi huo ndio uliozaa ufadhili wa kimichezo kama unavyojulikana hivi leo. Vijana weusi wa majimbo ya kusini, waliofungiwa milango ya vyuo vikubwa vya kwao, walicheza katika vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi, na haifai kudhani kwamba kiwango huko kilikuwa cha chini: mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Southern cha Louisiana, chenye mchezaji aitwaye Lou Brock, kilitwaa ubingwa wa taifa wa chama kingine cha vyuo, NAIA, na Brock akaendelea hadi akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1965, na chanzo chake kilikuwa fedha. Mwaka uliotangulia klabu ya Los Angeles Angels ilikuwa imemlipa Rick Reichardt, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, dola 205,000 ili tu akubali kusaini, na wamiliki wa klabu waliingiwa na hofu kwamba mashindano ya kuwania vijana yangewafilisi. Waliweka utaratibu wa uteuzi wa kila mwaka, ambapo klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na kijana aliyechaguliwa huruhusiwa kuzungumza na klabu hiyo moja tu. Kijana aliyemaliza sekondari aliweza kuchaguliwa, lakini, kwa kanuni iliyokazwa miaka michache baadaye, akishajiunga na chuo cha miaka minne hakuguswa tena mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Kanuni hiyo, iliyokusudiwa kubana matumizi, ndiyo iliyowapa makocha wa vyuo kitu ambacho hawakuwa nacho kabla, yaani miaka mitatu ya uhakika ya kumfundisha mchezaji. Mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Rick Monday, naye alitoka Chuo Kikuu cha Arizona State, bingwa wa taifa wa mwaka huohuo.

Aliyeielewa fursa hiyo kuliko wengine ni Rod Dedeaux wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Dedeaux, aliyekuwa na kampuni yake ya malori na aliyefundisha kwa mshahara wa jina tu wa dola moja kwa mwaka, alitwaa mataji 11 ya taifa, matano kati yake mfululizo kuanzia 1970 hadi 1974. Ustadi wake unaonekana vizuri zaidi katika habari za Tom Seaver. Seaver alimaliza sekondari mjini Fresno akiwa na mwili mdogo na bila chuo kikubwa kilichomtaka. Alifanya kazi ya kubeba makasha ya zabibu kavu, akaenda mafunzo ya jeshi la majini, akarefuka na kupata nguvu, kisha akajiunga na chuo cha miaka miwili cha mjini kwao, aina ya chuo cha ada nafuu kinachompokea karibu kila aliyemaliza sekondari. Dedeaux alipomwona hakumpa ufadhili papo hapo, bali alimpeleka kwanza Fairbanks, Alaska, akacheze majira ya joto ya mwaka 1964 katika timu ya Goldpanners iliyokusanya wanafunzi wa vyuo, na alipofaulu huko ndipo alipopewa nafasi. Seaver alikuja kushinda mechi 311 katika ligi kuu. Kuna haja ya kulitafakari jambo hili, kwa sababu mfumo wa wakati huo ulimvumilia kijana aliyechelewa kukomaa: chuo cha mtaani kilimhifadhi, timu ya kiangazi ikampima, na kocha akawa na subira ya kungoja matokeo.

Subira hiyo ilianza kupungua baada ya kupatikana kwa vipimo. Mwaka 1974 Danny Litwhiler, kocha wa Chuo Kikuu cha Michigan State, alipoona jinsi polisi wa chuoni walivyotumia rada kupima mwendo wa magari, aliomba gari lao lipelekwe kiwanjani lipime mwendo wa mpira, akashirikiana na kampuni ya JUGS mpaka ikapatikana rada ya kushikwa mkononi. Mwaka huohuo vyuo viliruhusiwa kutumia magongo ya alumini, ambayo hayavunjiki ovyo na hivyo hupunguza gharama, lakini yaliurusha mpira kwa nguvu isiyolingana na ile ya mbao inayotumika katika ligi kuu, hata wasaka vipaji wakashindwa kujua uwezo halisi wa mpigaji. Ligi ya Cape Cod ya Massachusetts, inayowakusanya wanafunzi wa vyuo wakati wa kiangazi, ilirudia gongo la mbao mwaka 1985, na tangu hapo imekuwa mizani inayoaminika na klabu zote. Kwa upande wa warushaji, rada ilileta faida na hasara, kwa kuwa ilimtambulisha kijana wa mbali asiyejulikana, lakini pia ilifanya kasi, inayopimika kwa sekunde chache, ithaminiwe kuliko akili ya mchezo, inayohitaji misimu kadhaa kuonekana.

Wakati huo nafasi zenyewe zilikuwa zikibanwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 NCAA, katika kupunguza matumizi ya vyuo, ilikata asilimia 10 ya ufadhili wa michezo mingi, na besiboli ya daraja la kwanza, iliyokuwa na ufadhili kamili 13 kwa kila timu, ikabakiwa na 11.7. Timu ya futiboli ya daraja hilo ilikuwa na 85. Kocha wa besiboli alilazimika kuzigawa sehemu hizo kwa kikosi kizima, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 kanuni ilimtaka asizidishe wachezaji 27 wenye ufadhili wala asimpe yeyote kati yao chini ya robo. Maana yake ni kwamba, kwa wastani, hata mchezaji aliyehesabiwa kuwa amefadhiliwa alilipiwa chini ya nusu ya gharama zake, na kilichobaki kilitoka mfukoni mwa wazazi au katika mikopo. Vyuo vya miaka miwili viliruhusiwa ufadhili 24, lakini katika vyuo vikubwa besiboli ikawa, bila mtu yeyote kukusudia hivyo, mchezo unaomfaa zaidi kijana wa familia yenye uwezo.

Uhaba huo ulizaa biashara. Kuanzia miaka ya 1990 kampuni binafsi, Perfect Game ya jimbo la Iowa ikiwa mashuhuri kuliko zote, ziliandaa maonyesho ya kulipia ambapo vijana hupimwa mbio zao, kasi ya mirusho na nguvu ya mapigo mbele ya makocha wa vyuo, na timu za kusafiri zikachukua nafasi ya timu za mtaa, zikicheza karibu mwaka mzima katika majimbo yenye joto kama Georgia na Florida. Kwa kocha mwenye bajeti ndogo, kuona mamia ya wachezaji mahali pamoja ni nafuu isiyokataliwa. Kwa mzazi, ada ya timu, nauli, hoteli na mwalimu wa binafsi vyote viligeuka sharti la mwana kuonekana, na kwa mwana mwenyewe mkono ukaanza kulipa deni. Upasuaji wa kuunga upya kano ya kiwiko, uliofanywa mara ya kwanza na Dakta Frank Jobe mwaka 1974 kwa mrushaji mtu mzima wa ligi kuu, Tommy John, ulianza kufanywa kwa wanafunzi wa sekondari. Little League iliweka kikomo cha idadi ya mirusho mwaka 2007, na mwaka 2014 ligi kuu ilitoa mwongozo unaohimiza vijana wapumzike kurusha kwa miezi kadhaa kila mwaka, ushauri usiolingana hata kidogo na kalenda ya maonyesho.

Wapo waliojaribu kuizuia hali hii. John Young, mchezaji na msaka vipaji wa zamani, alianzisha mwaka 1989 mpango wa RBI katika vitongoji vya kusini mwa Los Angeles ili kuwarudishia vijana wa mijini viwanja na makocha, na mwaka 2006 ligi kuu ilifungua shule ya besiboli ya vijana mjini Compton. Jitihada hizo ni za kuheshimiwa, na zimewafikisha wengi vyuoni. Hata hivyo hazikutosha kuubadili mwelekeo, kwani wachezaji weusi wa Marekani, waliokuwa asilimia 18 ya ligi kuu mwaka 1991, walikuwa asilimia 6.2 mwanzoni mwa msimu wa 2023.

Miaka ya karibuni imeongeza uzito upande wa vyuo. Uteuzi wa wachezaji wapya, uliokuwa na raundi 40, ulipunguzwa hadi raundi 5 mwaka 2020 na kuwekwa kwenye 20 kuanzia 2021, wakati huohuo timu za ligi ndogo zenye uhusiano na klabu kuu zikipunguzwa kutoka 160 hadi 120. Klabu ziliacha sehemu ya malezi ambayo Rickey aliamini ni wajibu wao, na vyuo vikaipokea. Kanuni mpya za uhamisho nazo zilimruhusu mchezaji kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, naye Paul Skenes alihama kutoka Chuo cha Jeshi la Anga kwenda timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU), akaipa ubingwa wa taifa mwaka 2023 na kuchaguliwa wa kwanza mwaka huohuo. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yaliyofuta kikomo cha 11.7 kwa vyuo vilivyojiunga nayo, kikawekwa badala yake kikomo cha wachezaji 34 kwa kila kikosi. Ufadhili kamili kwa kila mchezaji, ulioombwa kwa zaidi ya miaka 30, sasa unaruhusiwa; lakini kocha mwenye nafasi 34 na uhuru wa kumchukua mchezaji wa miaka 22 aliyekwisha kupimwa hana sababu kubwa ya kumngoja wa miaka 18. Kijana anayechelewa kukomaa amebakiwa na chuo cha miaka miwili cha mjini kwao, na wenye mamlaka wanaoutakia mchezo huu mema hawana kazi ya haraka kuliko kuvilinda vyuo hivyo na kuviongezea fedha.