Namikonga: Muhogo wa kusini wenye asili ya bustani ya miti ya Amani

Unang'oa muhogo shambani Nanyamba, majani hayana neno, lakini ukiukata ndani unakuta madoa makavu ya kahawia. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na hapo chakula cha nyumbani kimeshapotea.

Moja ya kinga zake ilitoka mbali na Mtwara: bustani ya Amani, mkoani Tanga.

Amani ni wapi?
Ni kwenye Milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Wajerumani walianzisha bustani hiyo mwaka 1902 wakapanda miti ya mabara mengi kwa majaribio: mpira, mikwinini, viungo, miti ya mbao. Leo iko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997.

Namikonga inaingiaje?
Miaka ya 1930, enzi za Waingereza, mtafiti H. H. Storey na wenzake pale Amani walichanganya muhogo na mpira wa Ceara, ndugu yake wa porini kutoka Brazil. Kizazi cha kwanza hakikuwa cha kujivunia mezani. Wakakirudisha kwenye muhogo tena na tena hadi mizizi ikafaa kuliwa.

Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba Namikonga, aina inayolimwa na wakulima wa kusini, ni mojawapo ya mahuluti hayo. Haimaanishi haiugui kabisa, ila inauvumilia ugonjwa kuliko aina nyingi.

Je, kila mti mgeni ni neema?
Hapana. Musizi, mti wa mbao ambao asili yake si Usambara, nao ulipandwa Amani. Hondohondo wakala matunda yake, wakasambaza mbegu msituni. Ukataji wa magogo ulipoacha sehemu wazi, musizi ukazijaza na kuibana miti ya asili. Bustani moja, matokeo mawili.

Wewe ufanye nini?
Ugonjwa huu husafiri kwenye pingili. Kwa hiyo hata ukiambiwa "hii ni Namikonga", usibebe tu. Omba shina moja ling'olewe, kata muhogo wake uone ndani. Ukiwa na madoa, acha mbegu hiyo hukohuko.