Toronto: Nani huulizwa kama mgonjwa amepata nafuu?

Makala yetu ya historia leo inatupeleka Toronto, mji mkubwa kuliko yote nchini Canada. Pembezoni mwa kituo cha afya ya akili kilichoko barabara ya Queen, magharibi mwa mji huo, bado umesimama ukuta wa matofali ya zamani. Ulijengwa na wagonjwa wenyewe, sehemu yake mwaka 1860 na sehemu nyingine mwaka 1888 hadi 1889, wala hawakulipwa ujira. Walijenga ukuta wa kuwazuia wao wenyewe wasitoke.

Hospitali iliyokuwa ndani ya ukuta huo ilifunguliwa Januari 1850. Anuani yake ilikuwa namba 999, na kwa vizazi kadhaa mtu wa Toronto alipotaja namba hiyo tu, wenzake walielewa kuwa anazungumzia wazimu. Daktari Joseph Workman aliiongoza tangu 1853 hadi 1875. Kama ilivyokuwa desturi ya hospitali za aina hiyo enzi hizo, serikali ilipelekewa hesabu za walioingia, waliotoka na waliokufa. Hizo tunaweza kuziita hesabu za mlangoni. Kama aliyetoka alipata kazi, kama nduguze walimpokea, kama usiku alilala usingizi, hayo hayakuwa na nafasi katika hesabu.

Udhaifu wake ulifichuliwa mwaka 1877 katika nchi jirani ya Marekani. Daktari Pliny Earle, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Northampton, jimboni Massachusetts, alipekua ripoti za wenzake na kugundua jambo la ajabu. Mtu aliyetoka, akaugua tena, akarudi, akatoka mara ya pili na ya tatu, alihesabiwa kuwa watu watatu waliopona. Kwa maneno mengine, kadiri mgonjwa alivyoshindwa kupona, ndivyo sifa ya hospitali ilivyopanda.

Ungedhani somo hilo lilishika. Lakini katika miaka ya 1960 na 1970, hospitali za jimbo la Ontario zilipoanza kupunguza vitanda, hesabu ya mlangoni ilitawala tena. Dawa mpya zilikuwa zimepatikana, gharama za hospitali zilikuwa kubwa, na wengi waliamini kwa dhati kwamba mgonjwa atapata nafuu zaidi akiishi miongoni mwa watu. Mwaka 1979 hospitali nyingine ya magharibi mwa mji, Lakeshore, ilifungwa kabisa. Kwenye karatasi yalikuwa mafanikio. Mitaani, wengi waliotolewa walijikuta Parkdale, mtaa ulio karibu na barabara hiyo ya Queen, katika nyumba kuukuu zilizogawanywa vyumba vidogo vya kupanga. Baadhi ya majirani hawakuwataka. Ni dharau hiyo iliyowafanya watu waliowahi kutibiwa hospitalini kuandaa, Septemba 1993, siku ya kujivunia utu wao, desturi ambayo baadaye ilienea katika nchi nyingine.

Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii ndipo huduma za afya ya akili za mitaani huko Ontario zilipoanza kutumia hojaji moja ya pamoja. Asili yake ni Camberwell, kusini mwa London, ambako watafiti walikuwa wametayarisha orodha ya mahitaji 22 ya mgonjwa. Ontario ikaongeza mawili. Humo mna dalili za ugonjwa, lakini pia mna chakula, makazi, fedha, usafiri na marafiki. Mhudumu hujibu kwa upande wake, na mgonjwa hupewa nafasi ya kujibu kwa upande wake, kisha zoezi hurudiwa kila baada ya miezi sita. Majibu ya hao wawili mara nyingi hayalingani. Kwa maoni yangu, thamani ya hojaji hiyo imo katika kutolingana huko: mhudumu anaona dawa, mgonjwa anaona upweke.

Hata hivyo, kupima si kutibu. Huko Croydon, pia kusini mwa London, wagonjwa 160 walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006. Wengine walijaza hojaji kila mwezi pamoja na wahudumu wao na kupewa matokeo kila baada ya miezi mitatu; wengine walihudumiwa kama kawaida. Maisha ya kundi la kwanza, kwa jinsi walivyoyaeleza wenyewe, hayakuwa bora kuliko ya wenzao, ingawa siku zao za kulazwa zilipungua. Wahudumu wanaolalamika kwamba karatasi zinawala muda wao wana hoja.

Swali la kupima kitu gani lilijitokeza waziwazi zaidi tangu 2009 hadi 2013, Canada ilipofanya jaribio kubwa katika miji mitano, Toronto ikiwemo. Watu wasio na makazi wenye maradhi ya akili, zaidi ya 2,000, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa nyumba kwanza, bila sharti la kutibiwa au kuacha ulevi, na wengine wakaachwa na huduma zilizokuwepo. Katika miezi sita ya mwisho ya utafiti, asilimia 62 ya waliopewa nyumba walikuwa na makao muda wote, dhidi ya asilimia 31 ya wenzao. Lakini dalili za ugonjwa zilipungua kwa makundi yote mawili kwa kiwango kinachokaribiana. Daktari aliyetazama dalili peke yake angesema mpango haukuleta tofauti. Aliyelala barabarani kipupwe cha Toronto angesema vingine.

Toronto ni mji wa wahamiaji, wakiwemo wengi waliotoka Afrika Mashariki, na hojaji iliyotungwa London haiwezi kuuliza kila kitu. Njia ya kulikabili hilo ilikuwa imeonyeshwa kwetu, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2003. Kabla ya kupima chochote, watafiti waliwauliza wanavijiji huzuni nzito wanaiitaje, nao wakataja maneno mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubazida. Baada ya wiki 16 za vikao vya vikundi, waliobaki na ugonjwa huo walikuwa asilimia 6.5, ilhali katika vijiji visivyopata vikao walikuwa asilimia 54.7. Pamoja na dalili, watafiti walipima pia kama mtu ameweza kurudia shughuli zake, na orodha ya shughuli hizo haikutoka katika kitabu. Wanawake waliulizwa mwanamke mzima wa afya hufanya nini kila siku, wanaume wakaulizwa ya kwao, na majibu hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye hojaji.