Riyadha: Chuo cha Wanyonge wa Lamu

Katika zama za utawala wa Wabelgiji, shule zilizopewa fedha za serikali katika Ruanda-Urundi zilikuwa karibu zote mikononi mwa misheni za Kikristo. Wazee wengi wa Buyenzi walichelea kuwapeleka wana wao huko, wasije wakatoka na dini nyingine. Kwa hiyo mtoto wa Kiislamu wa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, alijua jamvi, ubao na Juzuu Amma, na chuo chake kilisimama kwa mali na mikono ya wazazi. Njia hiyo ina asili ya mbali, na mfano wake mashuhuri uko pwani, katika kisiwa cha Lamu.

Lamu ya mwisho wa karne ya 19 ilikuwa kama miji miwili. Mkomani, upande wa kaskazini, palikuwa na majumba ya mawe ya koo za kale. Langoni, upande wa kusini, walikaa wageni na wanyonge katika nyumba za udongo na makuti: Wangazija, Wahadhrami maskini, watumwa na wana wa watumwa. Mtumwa alifundishwa kiasi cha kusalia, tena si kila mtumwa. Tafsiri ya Qur'ani na fiqhi hazikudhaniwa kuwa zinamfaa.

Ndipo akaja kutoka Ngazija Sayyid Saleh bin Alawi Jamal al-Layl, ambaye watu walimwita Habib Saleh. Alisoma kwa wanavyuoni wa Lamu, kisha akakaa Langoni na kumfundisha kila aliyefika, mwungwana na mtumwa. Lawama hazikukosa. Wako waliochukia kuwaona watumwa darasani, na wako waliochukia kusikia matari yakipigwa katika Maulidi. Ugomvi wa matari, kwa haki, haukuwa wa ujinga mtupu, maana maulamaa wamehitilafiana juu yake tangu zamani. Ule wa watumwa haukuwa na hoja.

Yapata mwaka 1900 ukasimama Msikiti wa Riyadha, pembeni mwa mji, na darasa pamoja nao. Watu wa Langoni hawakuwa na fedha. Walichoweza kutoa ni nguvu zao. Boriti za mikoko, mawe ya bahari na chokaa ya kuchoma, ndivyo vilivyojengea Lamu, na kila kimoja huhitaji wachukuzi wengi. Na hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Hata mwaka 1907, utumwa ulipofutwa kwa sheria katika mwambao ule, mikono ya wengi wao ilihesabiwa kuwa mali ya watu wengine. Shamba walilolima bara halikuwa lao. Kazi waliyoipa Riyadha waliitoa kwa hiari, na pengine kwa wengine ndiyo kazi ya kwanza waliyochagua wenyewe.

Baada ya 1907 mashamba yakarudi msitu, nayo majumba ya Mkomani yakaanza kubomoka. Kisiwa kizima kikaingia ufukara. Hata hivyo chuo hakikufungwa: wanafunzi wa mbali walilala hapo na kula kwa sadaka. Habib Saleh alifariki mwaka 1935, Mwenyezi Mungu amrehemu, na wanawe, akiwamo Ahmad Badawi, wakaendelea kufundisha.

Kila Mfungo Sita wageni huingia Lamu kwa majahazi na mashua. Watu wa Langoni na wa Mkomani huandamana nao, matari yakilia, kwenda kulizuru kaburi lake.