Lenana wa Wamasai

Msomaji, ukiifuata njia ya reli kutoka Naivasha hadi Nakuru, majina mengi utakayoyasikia ni ya Kimasai: Naivasha, Elementaita, Nakuru yenyewe. Nyanda hizi zilikuwa malisho ya Wamasai. Jinsi zilivyowatoka ni habari isiyotengana na maisha ya mtu mmoja, Lenana.

Baba yake, Mbatian, alikuwa laiboni mkuu, yaani mtabiri na mganga aliyewabariki morani kabla ya vita. Usimdhanie kuwa mfalme. Laiboni hakutoza kodi, wala malisho hayakuwa mali yake. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na wazee na wasemaji wa marika. Neno hili ulishike, maana tutalirudia.

Mbatian alipofariki, yapata 1890, wanawe waligombea urithi. Husimuliwa kwamba mzee, macho yakiwa yamefifia, alimwagiza Sendeyo, mwanawe mkubwa, aje alfajiri apokee vifaa vya ulaiboni. Lenana akasikia, akamtangulia gizani, akapewa yeye. Kisa hiki kinafanana mno na kile cha Yakobo na Esau, na mimi hukipokea kwa tahadhari, kwa kuwa visa vya namna hii hupendwa na upande ulioshindwa. Lililo hakika ni kwamba ndugu hao walipigana miaka mingi, katika zama zile zile ambazo sotoka iliua ng'ombe na ndui ikaua watu. Akiwa amebanwa na njaa huku na adui kule, Lenana alitafuta urafiki wa Waingereza. Sendeyo alisalimu amri 1902.

Waingereza nao walitaka mtu mmoja wa kupatana naye. Wakamwita Lenana chifu mkuu wa Wamasai wote, cheo ambacho Wamasai hawakupata kuwa nacho. Mwaka 1904 yeye na viongozi wengine wakatia alama zao katika mkataba: Wamasai waliondoke Bonde la Ufa, wawapishe walowezi, baadhi waende Laikipia, wengine kusini mwa reli. Waliahidiwa kwamba makao hayo mapya yatakuwa yao maadamu kabila lao lipo duniani.

Ahadi hiyo iliishi miaka 7. Lenana alifariki Machi 1911, na maofisa wakatangaza kwamba wosia wake ulikuwa watu wa Laikipia wahamie kusini. Mwezi uliofuata mkataba wa pili ukatiwa sahihi. Wosia uliowafaa mno waliouhitaji! Na hata kama aliutamka, je, laiboni alikuwa na mamlaka gani juu ya malisho ya watu?

Ole Gilisho, kiongozi wa Wamasai wa Laikipia, aliukataa uhamisho huo, na 1913 yeye na wenzake wakapeleka shauri mahakamani. Majaji wakajibu kwamba mikataba ile ilikuwa ya dola na dola, hivyo haikuwa kazi ya mahakama kuiamua. Basi Wamasai, waliokuwa wakihamishwa kama raia wa kuamriwa, wakaambiwa kuwa ni dola siku walipodai haki yao. Wakakata rufani. Ilipotupwa, Desemba mwaka ule ule, mifugo ya mwisho ilikuwa imekwisha kuswagwa kutoka Laikipia.