TSH: Homoni Kichocheo cha Tezi

Majibu ya maabara yakirudi na TSH ya 12, wakati kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni takriban 0.4 hadi 4, mgonjwa aliyeambiwa kwamba hicho ni "kipimo cha homoni ya tezi" ataamini kuwa tezi yake ya shingo inamwaga homoni kupita kiasi. Mara nyingi ukweli ni kinyume: tezi imelegea. Lawama hapo si ya mgonjwa, ni ya istilahi. TSH haitoki shingoni hata kidogo. Hutoka kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuisukuma tezi ya shingo, ambayo wengine huiita dundumio, itengeneze thiroksini kwa kutumia madini joto, haya tunayoyapata kwenye chumvi. Thiroksini, yaani T4, ikipungua katika damu, pituitari huongeza TSH, ikizidi, huipunguza. Ni kama msimamizi anayepaza sauti kadiri kibarua anavyozorota. Basi jina la homoni ya tezi ni haki ya T4, nayo TSH iitwe homoni kichocheo cha tezi. Nasema kichocheo, si kichochezi, kwa kuwa uchochezi umeshazoeleka kwa maana ya fitina.

Wapo watakaosema jina refu la nini, ilhali karatasini ziko herufi tatu na daktari anazielewa. Herufi zibaki, ndizo zinazowezesha majibu ya Mwanza kusomeka Muscat. Ila haziwezi kumweleza mtu kwa nini anapewa vidonge vya thiroksini wakati namba yake iko juu, na asiyeelewa hilo ni rahisi kuviacha. Pingamizi zito zaidi ni kwamba jina hili litamfanya msomaji aione TSH kuwa hukumu kamili. Ni kweli kwamba mara nyingi hupimwa kwanza, na kwa sababu nzuri: T4 ikishuka kidogo tu, hata kabla haijatoka kwenye kiwango cha kawaida, TSH huruka maradufu. Lakini pituitari yenyewe ikiugua, amri haitoki ipasavyo. TSH inaweza kuwa chini, au hata ya kawaida, huku T4 imepungua. Jina linalotaja kichocheo ndilo linalomfanya mtu aulize kama anayeamuru ni mzima, na ndipo T4 huru inapohitajika. Huru, kwa sababu zaidi ya asilimia 99 ya T4 imeshikamana na protini za damu, na inayofanya kazi ni ile chembe iliyobaki. Neno "huru" halina mzozo. Hata tarehe ya kipimo cha marudio inategemea mwendo huu wa T4 na pituitari: nusu ya T4 huondoka mwilini kwa takriban siku 7, na pituitari huchelewa kutulia, hivyo dozi ikibadilishwa TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hivi, si kesho yake.